UZI: Bima ya matibabu ukiwa nje ya nchi – inalipa nini, inakataa nini, na ufanye nini saa ya kwanza ukiugua

MkaguziMadai (mwanzisha uzi)

Wakuu, maswali ya bima ya safari yanajirudia sana humu, na mengi huulizwa mtu akiwa tayari kitandani hospitalini. Naomba tuyakusanye hapa. Wenye ujuzi wa kazi hii waongezee, na mwenye swali aulize wazi.

Tuanze na dhana inayowaponza wengi, kwamba bima ya afya ya nyumbani inatosha. Bima nyingi za kitaifa huishia mpakani. Medicare, ile bima ya wazee ya Marekani, kwa kawaida hailipii matibabu nje ya nchi hiyo isipokuwa katika hali chache sana. Ile kadi ya afya ya Ulaya, EHIC, humwezesha mwenye nayo kutibiwa katika huduma za umma za nchi nyingine mwanachama kwa masharti yale yale ya wenyeji, lakini hailipii hospitali ya binafsi, na hailipii kumrudisha mgonjwa kwao. Kwa hiyo hata aliye na bima nzuri nyumbani, akivuka mpaka kuna pengo.

Bima ya safari huziba pengo hilo kwa mafungu manne: matibabu ya dharura, kumhamisha mgonjwa kwenda hospitali yenye uwezo, kumrudisha nyumbani, na kusafirisha mwili mtu akifariki. Kila fungu lina ukomo wake. Usisome ile namba kubwa ya ukurasa wa kwanza ukadhani ni ya kila kitu. Ndani utakuta meno yana kiasi kidogo cha kutuliza maumivu tu, na matibabu ya bila kulazwa yana ukomo wake tofauti.

Halafu kuna kile kiasi cha kwanza unachojilipia mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Angalia kama kinatozwa kwa kila tukio au mara moja kwa safari nzima. Bima ya bei rahisi mara nyingi inajifidia hapo: kiasi hicho kinakuwa kikubwa kiasi kwamba homa au kidonda cha kawaida unalipa chote mwenyewe.

---

Kipanga_Visa

Naongezea upande wa viza maana watu wanachanganya mambo mawili.

Viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza katika nchi nyingi za Ulaya, inadai bima yenye ukomo usiopungua euro 30,000, inayofanya kazi katika nchi zote za Schengen kwa siku zote utakazokuwepo, na inayogusa matibabu ya haraka, kulazwa kwa dharura, kurudishwa nyumbani kwa sababu za kitabibu na kifo. Cheti kikitaja nchi moja tu unayokwenda, kinarudishwa. Kikianza siku moja baada ya kuingia, kinarudishwa pia. Kwa viza ya kuingia mara nyingi, unaonyesha bima ya safari ya kwanza, na kwenye fomu unasaini kwamba unajua unatakiwa kuwa na bima kwa safari zitakazofuata. Hiyo saini wengi wanaisahau, safari ya pili wanapanda ndege bila chochote.

Wanaokwenda Marekani kwa viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana wageni kama wanafunzi na watafiti, wana masharti yao: ukomo usiopungua dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, dola 50,000 za kumhamisha mgonjwa, dola 25,000 za kusafirisha mwili, na kiasi cha kujilipia kisichozidi dola 500 kwa kila tukio.

Hivi ni viwango vya kukufungulia mlango, basi. Havikupimwa kwa gharama ya kulazwa wiki mbili katika chumba cha wagonjwa mahututi. Ukinunua bima ili ubalozi uridhike, umenunua kiwango cha chini kabisa.

---

MkaguziMadai

Asante Kipanga. Na hapo hapo kwenye nchi, soma eneo la bima yako. Bima nyingi huuzwa kwa maneno "dunia nzima isipokuwa Marekani na Kanada", kwa sababu matibabu ya huko yanapandisha ada. Mtu anapobadilisha ndege Marekani kwa saa chache, akaanguka uwanjani, yuko nje ya eneo la bima yake. Baadhi ya mikataba huruhusu kupita tu kwa muda mfupi, mingine hairuhusu kabisa. Uliza kabla, na jibu liwe kwa maandishi.

---

Mzee_wa_Sukari

Wakuu, nina swali. Mtu mwenye presha na kisukari cha miaka mingi, anakunywa dawa zake vizuri. Bima itamlipia akizidiwa ugenini?

---

MkaguziMadai

Mzee wangu, shikamoo. Hili ndilo eneo linalozaa mabishano kuliko yote, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Bima ya safari imejengwa kwa ajili ya jambo la ghafla lisilotarajiwa. Ugonjwa uliokuwepo kabla ya kununua bima huchukuliwa kuwa unatarajiwa, hivyo unaachwa nje mpaka mkataba useme vinginevyo. Mikataba huufungulia mlango kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuutangaza: unajaza fomu ya maswali ya afya, kampuni inapima, inaongeza ada au inakataa ugonjwa huo mmoja na kubeba mengine. Ya pili ni sharti la utulivu: ugonjwa unabebwa iwapo haukubadilika kwa kipindi fulani kabla ya safari, mara nyingi siku 90 au 180.

Neno "haukubadilika" ndilo linalowakamata watu. Kuongezewa dozi ni mabadiliko. Kubadilishiwa dawa ni mabadiliko. Kupelekwa kufanya kipimo ambacho majibu yake hayajatoka ni mabadiliko. Na katika mikataba mingine hata kupunguziwa dozi kwa sababu umepata nafuu huhesabiwa kuwa ni mabadiliko. Mgonjwa anafurahi daktari kampunguzia kidonge wiki tatu kabla ya safari, kumbe saa ya utulivu imeanza kuhesabiwa upya. Kwa hiyo dozi ikiguswa baada ya kununua bima, piga simu kwa kampuni siku ile ile, eleza, na uombe uthibitisho wa maandishi kwamba bado wamekubeba.

Jambo lingine: usifiche kitu kwenye fomu. Madai yakiwa makubwa, kampuni huomba kumbukumbu zako za nyumbani kutoka kwa daktari wako. Wakikuta presha ambayo hukuitaja, wanaweza kukataa dai zima, hata kama kilichokulaza ni mguu uliovunjika. Sheria za nchi zinatofautiana hapo, lakini usijipeleke kwenye ugomvi huo ukiwa na deni la hospitali.

Ukishatangaza na kukubaliwa, ugonjwa uliokubaliwa uandikwe kwa jina kwenye cheti au kiambatisho chake. Kama haumo kwenye karatasi, haumo.

---

NesiDharura

Nimekuja kuongezea kuhusu saa ya kwanza hospitalini, kwa sababu madai mengi huharibika pale mapokezi, kabla hata daktari hajafika.

Kama uhai uko hatarini, kwenda hospitali ya karibu ni kwanza, simu baadaye. Hakuna mkataba wa maana unaotaka mtu avuje damu akisubiri ruhusa. Lakini mara tu hali ikiruhusu, wewe au uliye naye apige namba ya saa 24 iliyo kwenye kadi. Mikataba mingi inataka taarifa ndani ya saa 24 au 48 tangu kulazwa, na inataka ruhusa kabla ya upasuaji usio wa dharura na vipimo vya gharama kubwa. Ukichelewa, mingine hukata sehemu ya malipo.

Simu hiyo iwe na vitu hivi mkononi: namba ya bima, jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, jina la hospitali na wodi, jina la daktari, na simu ya moja kwa moja ya wodi. Usikate kabla hujapewa namba ya jalada. Hiyo ndiyo utakayoitaja kila ukipiga tena, maana kila zamu kuna mtu mpya.

Kinachofuata ni barua ya dhamana ya malipo, yaani ahadi ya kampuni kwa hospitali kwamba italipa. Kuipata kunahitaji ripoti ya kwanza ya daktari, makadirio ya gharama, nakala ya pasipoti pamoja na ukurasa wenye muhuri wa kuingia, na fomu ya mgonjwa kuridhia taarifa zake zitolewe. Hiyo fomu ya kuridhia ndiyo inayochelewesha kuliko yote. Bila saini yako hospitali haina ruhusa ya kumwambia mtu yeyote unaumwa nini, kwa hiyo jalada linakaa tu huku kila upande ukisubiri mwenzake. Iombe mapema, isaini, hakikisha imetumwa.

Tena barua hiyo ina kiasi na tarehe ya mwisho. Ikiandikwa kwa siku tatu na wewe umelazwa sita, mtu lazima aombe nyongeza kabla siku ya tatu haijaisha. La sivyo ankara ya siku zilizobaki inakuja kwako.

Sasa hili la mapokezi. Fomu ya kwanza ina mstari wa historia ya tatizo. Mgonjwa anasema "tumbo huwa linanisumbua", mwandishi anaandika: maumivu ya tumbo, yanajirudia. Kumbe lililomleta ni kidole tumbo kilichoanza usiku wa jana. Maneno mawili hayo yanatosha kampuni kuanza kuchunguza kama ni ugonjwa wa zamani, na dhamana inasimama. Sema kweli, lakini sema kwa tarehe na saa: maumivu haya yameanza lini, yalianzaje, na kama uliwahi kuwa na kitu tofauti na hiki, kitenganishe. Omba usomewe kilichoandikwa.

---

MamaWawili

Na mjamzito je? Kampuni moja wameniambia "ujauzito umo", lakini nikiuliza wiki ngapi wanazunguka.

---

NesiDharura

Dada, "umo" peke yake haitoshi. Dai majibu ya mambo matatu.

Kwanza, mpaka wiki ya ngapi. Kila mkataba una kikomo chake na tofauti ni kubwa, na mimba ya mapacha hupewa kikomo cha mapema zaidi. Wiki zinahesabiwa mpaka siku ya kurudi, si siku ya kuondoka. Pili, wanalipia matatizo ya ujauzito au hata kujifungua? Karibu zote hulipia matatizo ya ghafla tu: kutokwa damu, kifafa cha mimba, uchungu wa mapema. Kujifungua kwa kawaida ugenini hakulipiwi. Tatu, na hili ndilo zito: mtoto akizaliwa kabla ya wakati, yeye ni mtu mwingine kabisa kwenye bima. Kama mkataba hautamki kwamba mtoto mchanga anabebwa, basi mama analipiwa na mtoto aliyeko kwenye kitamio, ile mashine ya kumtunzia joto, halipiwi. Siku za kitamioni ni nyingi na kila moja ina gharama yake. Wakizunguka hapo, tafuta kampuni nyingine.

Mashirika ya ndege nayo yana kikomo chao cha wiki na hudai barua ya daktari. Hicho hakihusiani na kikomo cha bima, kwa hiyo angalia vyote viwili.

---

Rubani_wa_Machela

Niseme kuhusu kuhamishwa, maana watu wanaamini wakiugua watarudishwa kwao kwa ndege ya wagonjwa. Mkataba kwa kawaida unasema "hospitali ya karibu yenye uwezo wa kutibu". Ikiwa ipo katika mji ule ule au nchi jirani, utapelekwa huko, si kwenu. Anayeamua ni daktari wa kampuni akishauriana na anayekutibu. Familia ikikodi ndege yenyewe bila kuwasiliana na kampuni, kwa kawaida hairudishiwi hata senti.

Wengi hurudi kwa ndege ya kawaida ya abiria. Anayeweza kukaa hupewa kiti chenye nafasi, pengine na muuguzi pembeni. Asiyeweza kukaa hufungiwa machela juu ya viti vilivyolazwa, na machela hiyo inachukua viti kadhaa vya safu zinazofuatana, vyote vikilipiwa. Shirika la ndege linataka fomu yake ya kitabibu ijazwe na daktari, na linaweza kukataa. Hapo ndipo siku zinapopotea.

Na kuna subira ambazo haziwezi kurukwa kwa pesa. Mguu ukivunjika na kufungwa plasta, safari fupi ya chini ya saa mbili husubiri takribani saa 24, ndefu zaidi saa 48, kwa sababu mguu unavimba ndani ya plasta na angani unazidi. Ikibidi kusafiri mapema, plasta hupasuliwa kwa urefu ili mguu upate nafasi. Baada ya upasuaji wa tumbo, hewa iliyobaki ndani hutanuka ndege ikipanda, kwa hiyo daktari hukuzuia kwa siku kadhaa. Siku hizo za hoteli na mabadiliko ya tiketi zinalipwa na fungu gani? Soma. Mara nyingi ni fungu tofauti na la matibabu, na linadai barua ya daktari inayosema wazi kwamba hukufaa kusafiri, kuanzia tarehe fulani mpaka fulani.

---

Mzee_wa_Sukari

Marahaba MkaguziMadai, nimekuelewa vizuri sana. Swali la mwisho: kijana wangu atakodi pikipiki huko aendako.

---

MkaguziMadai

Mzee, hapo bima nyingi zinakwama. Inataka leseni ya daraja la pikipiki, si ya gari tu, na iwe halali katika nchi aliyopo. Inataka kofia ngumu hata kama nchi hiyo haimlazimishi. Mikataba mingi ina ukomo wa ukubwa wa injini, na 125cc ni mpaka wa kawaida. Akizidi hapo, anahitaji nyongeza. Kipimo cha pombe cha hospitali pia huingia kwenye ripoti na kampuni hukisoma. Aliyebebwa nyuma naye aangalie, baadhi ya mikataba humhukumu kwa leseni ya dereva.

Kupiga mbizi, kupanda milima mirefu na michezo ya theluji ni habari hiyo hiyo: kina, kimo na aina ya mchezo vimeandikwa kwa namba. Kama namba yako haimo, nunua nyongeza kabla ya kuondoka.

---

NesiDharura

Naomba nilete mfano mmoja ambao watu hawaufikirii: kung'atwa na mbwa katika nchi yenye kichaa cha mbwa.

Kidonda huoshwa papo hapo kwa maji na sabuni kwa dakika 15. Asiyewahi kuchanjwa anahitaji chanjo siku ya 0, 3, 7 na kati ya 14 hadi 28, na kidonda kikiwa kimechuruza damu anahitaji pia sindano ya kingamwili iliyochomwa kwenye kidonda chenyewe. Kingamwili hiyo ni adimu na ni ghali, na sehemu nyingi haipo kabisa, hivyo mgonjwa husafirishwa kuifuata. Aliyechanjwa kabla ya safari anamaliza kwa dozi mbili, siku ya 0 na 3, bila kingamwili.

Sasa itazame kibima. Haya ni matibabu ya bila kulazwa, kwa hiyo yanaangukia lile fungu dogo. Dozi zinapita tarehe ya kurudi, na bima nyingi husimama unapofika nyumbani. Kwa hiyo piga simu siku ya kwanza, fungua jalada, uliza dozi za baadaye zitalipwa vipi, na omba kadi ya chanjo yenye jina la chanjo na tarehe ili nyumbani waendeleze pale pale.

---

Kipanga_Visa

Kuhusu kuongeza muda. Omba kabla bima haijaisha, ikishaisha kampuni nyingi hazikuuzii tena ukiwa tayari nje. Na nyongeza ikiandikwa kama mkataba mpya, ugonjwa ulioanza katika kipindi cha kwanza unageuka kuwa wa zamani katika cha pili. Uliza neno kwa neno: je, huu ni mwendelezo au ni mkataba mpya?

Bima ya mwaka mzima nayo ina kikomo cha kila safari, kwa mfano siku 30, 45 au 90. Ukikaa siku moja zaidi, siku hiyo huna bima, hata kama cheti kinasoma miezi kumi mbele. Na bima inayokuja na kadi ya benki mara nyingi haianzi kazi mpaka tiketi iwe imelipwa kwa kadi hiyo hiyo.

---

Mwanafunzi_Ughaibuni

Kama umelipa mwenyewe mfukoni, unadaije ukirudi? Na wakikataa?

---

MkaguziMadai

Usiondoke hospitali bila ankara iliyochanganuliwa, yaani kila kipimo, kila dawa na kila siku ya kitanda kwa bei yake. Kile kikaratasi cha mashine ya kadi kinathibitisha umelipa, hakithibitishi ulilipia nini. Chukua pia ripoti ya kuruhusiwa yenye jina la ugonjwa na tarehe ulipoanza, majibu ya vipimo, nakala za vyeti vya dawa, risiti, tiketi au mihuri inayoonyesha siku ya kutoka na kurudi. Vyote vipige picha kabla ya kuvituma. Kama ni vya lugha nyingine, uliza kwanza kama kampuni inatafsiri yenyewe, usilipe mtafsiri bure. Muda wa kudai umeandikwa kwenye mkataba, mara nyingi siku 30 hadi 90. Ukiwa bado unasubiri ripoti moja, tuma ulichonacho na uandike kwamba nyingine inakuja.

Ukiwa na bima mbili, taja zote. Mojawapo hulipa kwanza, na ya pili itadai barua inayoonyesha ya kwanza imelipa kiasi gani au imekataa kwa nini.

Wakikataa, usipokee jibu la simu. Omba barua inayotaja kifungu cha mkataba walichokitumia. Kisome hicho kifungu chote, pamoja na ukurasa wa maana za maneno, kisha jibu hoja hiyo moja. Wakisema ni ugonjwa wa zamani, kinachobadilisha uamuzi ni barua ya daktari wako wa nyumbani inayosema hukuwahi kutibiwa tatizo hilo, au kwamba dozi yako haikuguswa katika kipindi kile. Ambatanisha kumbukumbu za kliniki zenye tarehe. Hatua ya kwanza ni kitengo cha malalamiko cha kampuni yenyewe. Wakishatoa jibu la mwisho kwa maandishi, unakwenda kwa msuluhishi wa bima au mamlaka inayosimamia bima katika nchi ilikotolewa hati yako, si katika nchi ulikougulia. Huko nako kuna siku za mwisho za kulalamika, na zinahesabiwa tangu tarehe ya barua ile ya mwisho, kwa hiyo itunze pamoja na bahasha yake au barua pepe iliyokuja nayo.